Maandishi ya nyuma ya kopo: maswali ninayoulizwa na kina mama wa Mtwara na Lindi kuhusu maziwa ya watoto

Nilikuwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi, kwanza upande wa Lindi, baadaye Mtwara mjini. Mimi nimestaafu, simu yangu haijastaafu. Maswali ya maziwa ya kopo ndiyo yanayoongoza, na siku hizi yamekuja na ubishi: kopo liandikwe onyo kali zaidi, au ukali upunguzwe kwa sababu unawaumiza kina mama? Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila wiki. Ukiona jibu ni fupi, ujue sina la kuongeza.

Hilo onyo linalobishaniwa ni lipi? Mbona kwenye kopo langu silioni?

Geuza kopo. Mbele kuna jina la kampuni na mara nyingi katuni ya mnyama mdogo mwenye macho makubwa. Nyuma, kwa herufi za kukodolea, kuna fungu lenye kichwa cha maana ya "taarifa muhimu". Linasema mambo matatu: kwamba maziwa ya mama ndiyo bora kwa mtoto, kwamba haya ya kopo yatumiwe kwa ushauri wa mhudumu wa afya, na kwamba ukikosea kuyatengeneza yanaweza kumdhuru mtoto. Makopo mengi ninayoletewa nisome yameandikwa Kiingereza, mengine yana Kiarabu au Kifaransa pembeni. Kwa hiyo usijilaumu kama hukuliona. Wapo waliomaliza makopo kumi bila kujua lipo.

Nani aliamua kopo liandikwe hivyo?

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, Geneva, Mei 1981. Nchi 118 zilikubali kanuni ya kimataifa ya uuzaji wa maziwa mbadala, 3 hazikuegemea upande wowote, na moja ikakataa: Marekani.

Kisa chake kilianza nyuma. Katika miaka ya 1970 kampuni zilikuwa zikituma wauzaji waliovaa sare kama za manesi kwenye wodi za wazazi za nchi maskini, wakigawa makopo ya bure. Kopo la bure likiisha, ziwa la mama limeshapungua na pesa ya kopo la pili haipo. Mama anazidisha maji. Mtoto anakonda, anaharisha, anakufa. Mwaka 1977 watu wa Marekani walianza kugomea bidhaa za Nestlé kwa sababu hiyo, na kelele hizo ndizo zilizozaa kikao cha 1981. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, ikazitunga upya 2013. Usimamizi wa chakula ulikuwa kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na tangu 2019 uko chini ya Shirika la Viwango, TBS.

Nakuambia yote haya kwa sababu moja. Aliyekuwa akikemewa katika maandishi yale ni muuzaji. Njiani huko maneno yamegeuka, na leo anayehisi kukemewa ni mama.

Wengine wanataka onyo liwe kama la sigara. Wewe unaonaje?

Hoja yao naielewa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti baada ya kuzungumza na wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi nane, na zaidi ya nusu walisema wameshafikiwa na matangazo ya maziwa ya kopo. Matangazo hayo yanapita hata kwenye simu, yakijifanya ushauri wa bure. Ukiwa na mpinzani mwenye mfuko mkubwa hivyo, unatamani herufi nyekundu upana wa kopo zima.

Lakini sigara hakuna mtu anayeihitaji ili aishi. Kopo wapo. Nimewaona watoto waliobaki yatima siku ya kuzaliwa, na bibi yao wa miaka sitini amesimama mlangoni kwangu na kanga mkononi anauliza atawapa nini. Kuna mama anayetibiwa saratani kwa dawa zisizoruhusu kunyonyesha. Kuna mtoto anayezaliwa na galaktosemia, ugonjwa wa nadra unaofanya mwili ushindwe kuitumia sukari ya maziwa, hata ya mama yake mwenyewe, naye anahitaji kopo la aina maalumu. Dripu ikitundikwa vibaya inaua, lakini hatujawahi kuichora fuvu. Tunamfundisha anayeitundika.

Maziwa yangu hayakutoka. Kila nikisoma "maziwa ya mama ni bora" nalia. Nilikosea nini?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni matawi yake.

Niliwahi kwenda kumwona mama mmoja Mikindani. Nyumba yake safi, jikoni kuna rafu ya mbao, na juu yake makopo matatu ya maziwa ya mtoto yaliyokwisha: moja la chumvi, moja la sukari, la tatu la njugu mawe. Yote matatu maandishi yake ya nyuma yalielekezwa ukutani na kubanwa hasa, mpaka rangi ya ukuta imechubuka. Nikatania kwamba hata chumvi yake ina siri. Akasema, "Yananisema hayo." Mtoto wake wakati huo alikuwa darasa la pili, yuko uani anacheza mpira wa makaratasi, ana afya kuliko wenzake. Mama alikuwa amevuja damu nyingi wakati wa kujifungua na maziwa hayakushuka. Miaka saba kopo lilikuwa bado linamsema.

Kuvuja damu nyingi kunaweza kuzuia maziwa. Kipande cha kondo kilichobaki tumboni kinaweza. Upasuaji wa ziwa unaweza. Wapo pia wanawake wachache ambao ziwa lenyewe halikuumbwa na tezi za kutosha, na hakuna uji wala supu ya pweza itakayobadilisha hilo. Ukiwa mmoja wao, hukukosea kitu.

Walio wengi, hata hivyo, waliambiwa maziwa hayatoki kabla hayajapata muda wa kutoka. Siku mbili tatu za kwanza kinachotoka ni dang'a, yale ya njano mazito, na ni vijiko vichache tu. Yanatosha, kwa kuwa tumbo la mtoto nalo ni dogo. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huchelewa zaidi kidogo. Mtoto akilia usiku wa pili, mama mkwe anasema ana njaa, mume anatumwa dukani, na kuanzia hapo ziwa linanyonywa mara chache na linatengeneza kidogo. Hapo pia aliyekosea si wewe. Ni sisi wa wodini tuliokuruhusu asubuhi bila kukaa nawe dakika ishirini kuangalia mtoto anavyoshika ziwa.

Basi si maandishi yafutwe tu, watu wapumue?

Hapana, na hapa najua nitawaudhi baadhi yenu.

Nenda Newala au Tandahimba. Uwanda wa Makonde una mchanga unaokunywa mvua yote, mito juu hakuna, na kwa vizazi wanawake wameteremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo kichwani. Bomba likikatika, dumu linanunuliwa. Mama wa huko akiamua kutumia kopo ameamua pia kupata maji safi kila baada ya saa tatu usiku na mchana, mkaa wa kuyachemshia, na sabuni ya kuoshea chupa. Watafiti waliochapisha katika jarida la Lancet mwaka 2016 walikadiria kuwa unyonyeshaji ukienea inavyotakiwa duniani, vifo 823,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano vingeepukwa kila mwaka. Siwezi kuijua namba hiyo halafu nikataka kopo linyamaze.

Ninachotaka ni liseme kingine. Sentensi ya ubora wa maziwa ya mama imwendee mjamzito kliniki, mapema, wakati bado inaweza kumsaidia. Aliyekwisha kununua kopo apate mbele kabisa, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani: unga huu unaweza kuwa na vijidudu, uchanganye na maji ya moto, usizidishe maji, kinachobaki mwaga. Maneno ya kumpa mama kazi ya kufanya.

Unga una vijidudu? Si umetoka kiwandani umefungwa?

Umefungwa, lakini haukuuliwa vijidudu vyote. Kuna bakteria aitwaye Cronobacter anayeweza kuishi kwenye unga mkavu. Ni nadra, ila akimpata mtoto mchanga anaweza kumletea homa ya uti wa mgongo na kumuua. Februari 2022 kiwanda kimoja kikubwa cha jimbo la Michigan, Marekani, kililazimika kurudisha makopo yake kwa hofu hiyo. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulishataka tangu 2005 jambo hili liandikwe wazi kwenye kopo. Hili ndilo onyo ambalo ningelipigania mimi.

Niyatengenezeje basi?

Osha mikono. Chemsha chupa au kikombe pamoja na kijiko. Chemsha maji mpaka yatokote, hata kama ni maji ya chupa ya dukani. Epua, uyaache yasizidi nusu saa, maana yanatakiwa yawe bado na joto la nyuzi 70 au zaidi yanapokutana na unga. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanachemsha vizuri, wanasubiri yapoe kabisa, kisha ndipo wanachanganya. Baadhi ya makopo nayo yanaelekeza hivyo hivyo. Maji uliyoweka kwenye chupa ya chai tangu alfajiri hayafai, yameshapoa.

Mimina maji kwanza kwa kipimo, kisha unga kwa kijiko cha kopo hilohilo, ukisawazisha juu kwa kisu kisafi. Tikisa. Tumbukiza chupa kwenye sufuria ya maji baridi ipoe haraka, dondoshea kwenye kifundo cha mkono, uhisi vuguvugu tu. Mtoto anywe ndani ya saa mbili, na alichobakiza mwaga. Najua inauma kumwaga kitu cha bei ile. Mwaga.

Kikombe ni bora kuliko chupa, kwa sababu kinaoshwa kikatakata. Chuchu ya mpira ina kona ambazo hata brashi haifiki.

Nikipunguza kijiko kimoja ili kopo lifike mwisho wa mwezi?

Usifanye. Mtoto atashiba maji. Tumbo limejaa, halii, wewe unafurahi, na uzito wake kwenye kadi ya kliniki unalala chini kama kamba. Maji yakizidi sana yanaweza hata kumletea degedege. Kuzidisha unga nako ni kosa, figo zake haziwezi.

Kama pesa haifiki, njoo kliniki kabla hujaanza kupunguza. Kila halmashauri ina afisa lishe, mwulize huyo.

Kopo la bei kubwa ni bora kuliko la bei ndogo?

Hapana. Uingereza, mamlaka inayosimamia ushindani wa biashara ilitoa ripoti Februari 2025 ikasema wazazi wanalipa zaidi wakidhani bei ni ubora, ilhali makopo yote yanayoruhusiwa kule yanatimiza mahitaji ya lishe ya mtoto. Kasoro waliyoiona kwenye kopo ni yale maneno ya kusifia yanayomfanya mzazi aone aibu kununua la bei ndogo. Huku kwetu angalia tarehe ya kuisha muda na kwamba kopo halijabonyea wala kufunguliwa. Basi.

Namba 1, 2 na 3 zina maana gani?

1 ni ya kuzaliwa hadi miezi sita, 2 ni baada ya hapo, 3 ni ya kuanzia mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema 2 na 3 si za lazima. Mtoto wa mwaka na nusu anakula ugali, samaki, kisamvu na papai. Namba 3 inalisha kampuni.

Je, maziwa ya unga ya kawaida, yale ya kutilia chai? Au ya ng'ombe?

Yale ya chai yanakaa rafu moja na ya watoto, kopo linafanana, na bei yake ni nafuu sana. Si chakula cha mtoto mchanga hata kidogo. Tayari nimeona mtoto wa wiki tano aliyeishi juu ya hayo, sitaki kuona wa pili. Maziwa mazito matamu ya kopo, vilevile hapana. Maziwa ya ng'ombe au mbuzi yasubiri mwaka mmoja utimie kama ni kinywaji chake kikuu. Uji wa makopa, yaani muhogo mkavu, kabla ya miezi sita humjaza tu.

Nina VVU. Niliambiwa kopo ndilo salama.

Uliambiwa zamani, na sisi ndio tuliosema hivyo. Mwongozo umebadilika. Ukiwa kwenye ARV na unameza bila kuruka, unamnyonyesha maziwa yako pekee miezi sita, kisha unaendelea pamoja na vyakula vingine mwaka mmoja au hadi miwili, naye mtoto anapewa dawa yake ya kinga na kupimwa kwa ratiba. Cha kuepuka hasa ni kuchanganya kopo na ziwa katika miezi sita ya mwanzo. Usibadilishe kitu kabla hujaongea na mtoa huduma wako.

Bibi anasema dang'a ni chafu likamuliwe, na kwamba nikilala na mume nitambemenda mtoto.

Shikamoo kwa bibi. Dang'a ni kinga ya kwanza ya mtoto, mnyonyeshe ndani ya saa moja ya kujifungua. Hilo la kubemenda, maziwa hayaharibiki kwa tendo la ndoa. Ila nadhani wazee walikuwa wanajaribu kumpumzisha mzazi asibebe mimba nyingine haraka, na hapo hawakukosea. Uzazi wa mpango upo kliniki, hauzuii kunyonyesha.

Narudi kazini. Kopo si lazima?

Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa mapacha, na ukirudi una haki ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi za kumnyonyesha mtoto. Wengi hawalijui hilo la mwisho, na waajiri hawana haraka ya kuwakumbusha. Unaweza pia kukamua ukaacha: maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa nne nje kwa joto letu, na hadi siku nne kwenye friji.

Wa shambani hawana likizo, wanaye mtoto mgongoni na kivuli cha mkorosho. Neno moja kwa wanaobangua korosho: mafuta ya ganda yanababua. Osha mikono kwa sabuni mpaka viganja viache kunata kabla hujashika ziwa, maana mdomo wa mtoto ni laini kuliko vidole vyako.

Nesi alinisema mbele ya foleni kwa sababu nilikuja na chupa. Sijarudi tena kliniki.

Naomba radhi, na siombi kwa niaba ya mtu mwingine. Mimi nimefanya hivyo. Nilishawahi kulichukua kopo mkononi mwa binti wa miaka kumi na tisa, nikalisoma kwa sauti neno kwa neno, nikitafsiri, benchi zima linasikiliza. Nilidhani nafundisha. Hakurudi, na chanjo ya pili ya mtoto ilipita. Nilimfuata nyumbani baada ya wiki tatu nikamkuta anachanganya unga kwa maji ya kisima yasiyochemshwa, kwa sababu mtu pekee aliyepaswa kumwonyesha namna alikuwa ndiye aliyemfukuza.

Rudi kliniki. Nenda siku nyingine, kituo kingine ukitaka, lakini mtoto apimwe uzito na apate chanjo.

Muuzaji, au hata mhudumu wa afya, akinipa kopo la bure la kujaribia?

Kanuni zinakataza, kwa wote wawili. Likatae, na umwambie afisa lishe wa halmashauri au ofisi ya TBS.

Nimeshazoea kopo miezi miwili. Ziwa linaweza kurudi?

Kwa wengi linaweza, likirudi lote au nusu. Mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa siku hata kama hakuna kinachotoka, huku ukiendelea kumpa kopo kwa kikombe ili asipungue uzito. Punguza kopo kidogo kidogo kadiri nepi zinavyolowa, na apimwe uzito kila wiki. Inachukua wiki kadhaa na inachosha, kwa hiyo mtu mwingine apike. Nusu ikirudi, nusu hiyo ni yako na ina faida. Isiporudi, soma tena jibu la maji ya moto.

Kopo tupu naweza kuwekea nini?

Chumvi, sukari, choroko, mbegu za mchicha. Ila kijiko chake kitupe. Vijiko vya kampuni mbalimbali havilingani, na nimeshakuta nyumba inayopima kopo jipya kwa kijiko cha kopo la zamani.